Ukuta Hausikii Baridi

Wapendwa, sisi wa huku Makete hatuhadithiwi baridi. Mwezi wa sita tunaamka tunakuta umande umeganda kuwa sakitu, umeunguza viazi, na maji ya kwenye ndoo yamefunga utando. Basi chukueni baridi hiyo, muiongeze mpaka mshindwe kuifikiria. Huko ndiko walikokuwa watu wa mfano wangu wa leo.

Zamani, kabla ya ndege na redio, watu hao walipanda meli ya mbao kwenda kuitafuta ncha ya dunia. Hawakufika. Bahari iliganda, ikaishika meli yao kama saruji inavyoshika unyayo. Jua nalo likazama, lisichomoze tena majira yote ya baridi. Wakakaa humo gizani, wakingoja barafu iwaachie.

Sasa niwaulize. Meli ya mbao, yenye jiko la makaa na taa za mafuta, inaogopa nini? Inaogopa moto. Na moto ukizuka utayatoa wapi maji, nawe umezungukwa na bahari iliyogeuka jiwe? Kwa hiyo walitoboa tundu kwenye barafu kando ya meli, na kwa zamu kila mtu alitoka na mtaimbo kulivunja lisizibe. Hakuna aliyesamehewa zamu hiyo, hata nahodha.

Melini humo alikuwamo seremala pamoja na mdogo wake wa tumbo moja. Mdogo mtu alikuwa na koti la ngozi ya sili, yule mnyama wa bahari za baridi, zito, lenye kofia. Kifua kikambana, akafa. Seremala alilichonga jeneza kwa mikono yake mwenyewe. Walipokwisha kuzika, alirudi ndani akalitundika koti la marehemu kwenye msumari, ukutani, juu ya kitanda chake. Kila alipoamka alilaza uso kwenye mkono wa lile koti, maana harufu ya mdogo wake ilikuwamo bado.

Nani kati yetu atamcheka?

Lakini alikuwapo baharia mmoja ambaye koti lake liliungua mgongo wote alipolianika karibu mno na jiko. Akienda zamu alijifunga blanketi. Akirudi, meno yaligongana hata mpishi akamtania: "Usitafune meno, bwana, uji uko njiani!"

Siku moja akamwendea seremala. "Fundi, niazime hilo koti. Nikitoka tunduni nalirudisha hapo hapo."

"Hilo ni la mdogo wangu."

"Najua, Fundi. Si ndiye aliyekuwa ananivalisha? Tangu langu liungue, zamu yangu ikifika alikuwa ananifunga vifungo mwenyewe, utadhani mama yangu."

"Alipokuwa hai lilikuwa lake, alifanya alivyopenda. Sasa ndilo nililobakiwa nalo. Ukilivaa utaniondolea harufu yake."

Baharia akalitazama koti. "Kwani, Fundi, huo ukuta unasikia baridi kuliko mimi?"

Watu wakacheka. Seremala akawapa kisogo. Baharia akajifunga blanketi lake, akatoka.

Kutoka kitandani pake seremala aliusikia mtaimbo ukigonga barafu. Ngo. Ngo. Ngo. Upepo ukaanza kuvuma. Mtaimbo ukagonga tena, kisha ukanyamaza. Akasubiri. Aliposubiri akaona hasikii kitu, aliruka, akalishika koti la mdogo wake alivute ampelekee.

Koti halikutoka. Muda wote huo pumzi za watu waliolala humo zilikuwa zikipanda, zikashika ukutani, zikaganda, na koti likagandia ndani yake. Palipobaki laini ni pale tu alipozoea kulaza uso. Akavuta kwa nguvu zote. Mkono wa koti ukachanika, ukabaki peke yake kiganjani mwake.

Akautupa. Akatoka mbio na koti lake mwenyewe mwilini. Alimkuta baharia ameketi kando ya tundu, mtaimbo magotini, kama mtu anayepumzika. Seremala akalivua koti lake katikati ya upepo ule, akamvika, akapiga magoti, akaanza kumfunga vifungo, kimoja kimoja.

Baharia akafumbua macho nusu, akatabasamu. Hakumtambua. Alisema, "Umechelewa leo, mdogo wa Fundi. Nilijua tu utakuja."

Wapendwa, hapo ndipo seremala alipompata mdogo wake. Muda wote alikuwa akimtafuta ukutani.

Akambeba akamrudisha ndani. Baharia alipona, ila vidole vya mkono wa kulia vilikatika. Mpaka barafu ilipoiachia meli, seremala ndiye aliyemkatia nyama kila mlo.

Na sisi je? Sisi nasi tumezika. Hakuna benchi humu lisilo na pengo. Tunatunza kanga, tunatunza kofia, tunatunza kikombe ambacho mtoto akikigusa anapigwa kofi. Sisemi ni vibaya. Mungu wetu, aliyeahidi kutuamshia wafu wetu, anaijua ile harufu tunayoitafuta kwenye nguo. Lakini mtu wetu alipokuwa hai alikuwa na kazi aliyoifanya kwa wengine, na ile kazi tumeizika pamoja naye, tukabaki na koti.

Mama Mchungaji, mliyenisindikiza kumzika baada ya Pasaka, alikuwa akimpelekea uji bibi yule kipofu wa kule bondeni, kila Jumapili baada ya ibada. Sufuria yake nimeiosha, nimeifungia kabatini, inang'aa. Bibi bado yupo, na Jumapili zimepita.

Leo tukitoka hapa ninateremka bondeni na sufuria ile, na uji utakuwa wa moto.

Wewe, kwenye msumari wako umetundika nini?