Chaguo la Kwanza la Mzee Simba

Mwaka huo jua lilikosa adabu kabisa. Mto ulikauka, visima vikakauka, na katika nchi nzima likabaki bwawa moja tu chini ya mlima, dogo kiasi kwamba kiboko aliyekuwa akiishi humo alihama kwa aibu.

Wanyama wa mlimani, chini ya Chui, na wanyama wa nyikani, chini ya Simba, walikuwa na desturi yao ya kugawana maji hayo bila kuraruana. Kila kiangazi walicheza mpira. Mpira wenyewe ulikuwa tunda la mvungunya, lile refu na gumu, ambalo likianguka chini hurukia linakotaka lenyewe. Uliruhusiwa kulipiga teke, kulidaka, hata kumparamia mwenzako mgongoni ili ulidake hewani, mradi mwishowe ulipitishe kati ya miti mikavu ya upande wa pili. Walioshinda walikunywa alfajiri, maji yakiwa yametulia. Walioshindwa walikunywa alasiri, bwawa likiwa limeshageuka tope.

Lakini desturi hiyo ilikuwa na huruma kidogo. Bondeni, ambako wakazi hawakuwa wa upande wowote, kila mwaka vijana walitimiza umri wa kucheza, na upande ulioshindwa ndio uliochagua kijana wa kwanza. Ukichagua vizuri, unaweza kunywa alfajiri. Ukichagua vibaya, shauri yako.

Kundi la Simba lilikuwa limekunywa tope mpaka limesahau rangi ya maji. Mtoto wa mwisho wa Simba, Tindo, alikuwa amekonda na kutwa nzima anakohoa.

"Baba Tindo," mkewe alimwambia, "mwaka huu usipochagua vizuri, huyu mtoto hatutakuwa naye."

Simba alisikia, na moyo ulimuuma. Mwenye akili angeondoka pale pale akaenda bondeni kuwatazama vijana wakicheza. Lakini Simba ni Simba. Aliwaza namna atakavyoonekana, mfalme mzima amekaa kwenye nyasi na vumbi, anatazama watoto wakigombea tunda, akaona haya. Akamwita Sungura.

"Nenda ukanipimie vijana," alimwambia. "Uniletee jina moja."

Sungura alikubali kabla sentensi haijaisha. Kesho yake alikuwa ameshajipachika cheo, Mpimaji Mkuu wa Vipawa, na ameshabuni namna ya kupima. Kijana alitakiwa kukimbia kutoka kichuguu kimoja mpaka kingine. Kisha aruke aguse tawi la mgunga. Kisha akanyage mchanga laini, Sungura ainame, autazame unyayo, agune. Hakuna kijana aliyeulizwa kama amewahi kulishika tunda. Swali dogo kama hilo halimfai mtu mwenye cheo.

Siku ile ile Mama Ngiri alipanda kutoka bondeni pamoja na binti yake, Sihaba, mfupi, amejaa vumbi mpaka masikioni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Unasemaje?"

"Mwanangu amepimwa asubuhi, akaambiwa arudi nyumbani."

Sungura, aliyekuwa ameketi karibu na Simba, alicheka. "Miguu yake mifupi, Mzee. Na wala haitarefuka. Kama unataka kujua atakuwaje, mtazame mama yake."

Wote waliokuwepo wakacheka, na Simba akacheka zaidi yao. Mama Ngiri alisema tena kwa upole, "Mzee wangu, njoo jioni moja tu umwone akicheza. Wenzake wanalifuata tunda. Yeye likidondoka anakuwa ameshafika."

"Mama," alisema Simba huku akipiga miayo, "mimi sichungi watoto wa watu. Nenda salama."

Kisha akaletwa Tambo, mtoto wa Fisi. Lo! Kijana alikuwa na mabega mapana na shingo nene. Alitoka kichuguu kimoja kwenda kingine kama aliyeitiwa uboho. Aliruka, tawi la mgunga likatikisika. Alikanyaga mchanga, na Sungura akaita wote waje kuutazama unyayo.

"Mnaona? Huu ni wa leo. Je, akikomaa?" Akamgeukia Simba. "Huyu si mchezaji, Mzee. Huyu ni kundi zima ndani ya ngozi moja."

"Amewahi kucheza?" Simba aliuliza.

"Hilo huulizwa wazee. Kijana haulizwi alichofanya. Anaulizwa atakachofanya."

Simba aliipenda kauli hiyo mno. Jioni aliirudia nyumbani kwake kana kwamba kaitunga yeye. Hakujiuliza kwa nini Sungura anapenda sana kuzungumzia mambo ya kesho. Mambo ya kesho hayana shahidi, na asiye na shahidi anaweza kusema uongo wowote huku amekunja nne.

Siku ya kuchagua ikafika. Simba alisimama, akatikisa manyoya, akalitaja jina la Tambo kwa sauti ya kusikika mlimani. Fisi alilia kwa furaha, maana aliyechaguliwa na Simba hula kwa Simba. Chui, ambaye jioni zote hizo alikuwa amelala bondeni kwenye nyasi akitazama, alisema taratibu, "Mimi nipeni yule binti wa Ngiri."

Wanyama wa nyikani walicheka mpaka Swala akakaa chini. Simba alimwonea Chui huruma kwa mara ya kwanza maishani, na huruma hiyo ikamstarehesha sana.

Tangu hapo Tambo akawa anakula nyumbani kwa Simba. Baba yake naye akawa anapita kumjulia hali mwanawe, na kwa bahati ya ajabu alipita kila nyama ilipotengwa. Mke wa Simba aliguna. Simba akamwambia avumilie, mpira una gharama zake.

Siku ya mechi uwanja ulijaa. Tindo aliletwa amebebwa mdomoni na mama yake, kwa kuwa kutembea hakuweza. Simba alimtazama, akajiambia kwamba kesho alfajiri mtoto huyu atakunywa maji. Korongo, mwamuzi, alipaza sauti, na tunda likarushwa juu.

Tambo akachomoka. Alikimbia, jamani, alikimbia! Akalipita tunda. Akawapita wenzake. Akautoka uwanja, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kichuguu kilichokuwa kule nje, akakigusa, akasimama kifua mbele akingoja kusifiwa.

"Rudi!" Simba alinguruma. "Rudi uwanjani, wewe!"

Tambo akarudi kwa kasi ile ile. Njiani akauona mgunga, akaruka, akagusa tawi. Watazamaji wa mlimani wakapiga makofi. Kijana akapata moyo. Akatafuta mahali penye mchanga laini, akakanyaga kwa uangalifu, akainua uso kumtafuta Sungura. Sungura wakati huo alikuwa anatazama mawingu, na mbingu ilikuwa nyeupe hakuna hata wingu la kusingizia.

Sihaba hakuhangaika na vichuguu. Tunda likidunda kushoto, yeye yuko kushoto. Likibadili nia na kurukia kulia, anakuwa hapo anangoja. Mara moja Tambo alisimama katikati ya uwanja akishangaa, na binti huyo mfupi akampanda mgongoni, akalidaka tunda hewani, akashuka, akalipiga teke likapita katikati ya miti mikavu. Mabao ya mlimani yakawa mengi mpaka Korongo akachoka kuyatangaza, akawa anaashiria kwa bawa.

Mechi ilipokwisha, kundi la nyikani lilikaa chini vumbini. Mke wa Simba hakumlaumu mumewe. Alikuwa anamlamba Tindo, na Tindo hakuinua kichwa. Simba alitamani alaumiwe. Aliona aibu mpaka manyoya yakamlala shingoni.

"Tambo," alisema hatimaye, "nenda nyumbani kwenu, mwanangu."

Fisi akaruka. "Nyumbani? Na nyama je?"

"Nyama hakuna tena."

"Hakuna?" Fisi aliduwaa. Kisha akamgeukia Sungura, mate yakimtoka. "Basi wewe nirudishie kisima changu! Leo hii!"

Uwanja mzima ukageuka.

"Kisima gani?" Simba aliuliza.

"Mzee, usimsikilize," Sungura alidakia. "Ana njaa huyu, anaweweseka."

"Naweweseka? Nimechimba mpaka kucha zikang'oka! Tulikubaliana mimi nikuchimbie kisima nyumbani kwako, wewe umfundishe mwanangu kichuguu na tawi, kisha umtaje kwa Mzee ili tule kwake. Kisima kipo nyuma ya ua wako wa minyaa. Nyama hakuna, kisima nakitaka!"

Hakuna aliyengoja kusikia zaidi. Walikwenda wote mpaka kwa Sungura, wakaipenya minyaa. Kisima kilikuwepo, kirefu, maji yake meupe na baridi. Watoto wa Sungura walikuwa wanarushiana maji hayo wakicheka. Wanyama waliokunywa tope mwaka mzima waliyatazama yakimwagika chini, na hasira waliyoipata siwezi kuieleza.

"Nilikuwa nakihifadhi," Sungura alisema haraka. "Kwa ajili ya watoto wa nyikani. Hapo baadaye."

Mke wa Simba alimpita bila kumtazama, akamshusha Tindo ukingoni. Mtoto alinusa, akanywa, akakohoa, akanywa tena. Simba alisimama akimtazama mwanawe mpaka aliposhiba.

"Kisima hiki ni cha watoto wote," alisema. "Fisi, wewe ni hodari wa kuchimba. Utakipanua, tena kwa tumbo tupu. Na wewe Mpimaji Mkuu utakunywa bwawani kwetu, wakishamaliza wote, na nguruwe wakishaoga."



Kule uwanjani Tambo alikuwa amebaki nyuma. Sihaba alikuwa anaokota tunda aende zake. "Samahani," kijana alimwambia kwa sauti ndogo, "hilo linashikwaje?" Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekuwa amemwonyesha. Sihaba akamrushia.

"Mama Tindo," Simba alisema njiani, "si nilidanganywa?"

"Ulidanganywa, ndiyo. Kwa sababu uliona kukaa kwenye nyasi hakumfai mkubwa kama wewe."

 Jioni ya kesho yake, wanyama wa bondeni walimwona mfalme akishuka peke yake, akajilaza kwenye vumbi pembeni ya uwanja, tumbo chini. Watoto walimrushia mchanga machoni, hakunguruma. Baada ya kitambo Sungura akaja akiwa na tope mpaka puani, akachuchumaa karibu yake.

"Mzee," alinong'ona, "yule mtoto wa Nyumbu, umeuona unyayo wake? Akikomaa yule..."

"Toka mbele yangu," alisema Simba. "Unanizuia kuona."

Basi ndugu zangu, anayetaka kumjua mchezaji na amtazame akicheza. Anayeona kazi hiyo inamshushia hadhi, awaachie wapimaji wa unyayo, kisha alasiri apange foleni na wenzake anywe tope.