Kikombe cha Kunyamaza

Bakilana, mwenye kiwanda cha sabuni, alilazimisha michezo ya kujenga umoja kila Ijumaa baada ya kazi. Yeye mwenyewe alishindania kikombe, na mfanyakazi aliyemshinda aliosha mapipa wiki nzima. Chaurembo, mpakiaji mwenye kitambi, alikuwa amechoka kuanguka kwenye mbio za magunia.

"Bosi," alisema, "nikikimbia, tumbo langu hutangulia, na bado tunakuwa wa mwisho. Leo tushindane kunyamaza, wewe na wafanyakazi wote. Atakayetamka neno kwanza ameshindwa."

Bakilana akacheka. "Wewe utaweza kunyamaza?"

"Hata nikilala naongea. Bora niwe refa. Na uamuzi wa refa?"

"Ni wa mwisho."

Filimbi ikalia. Uwanja ukawa kimya.

Chaurembo akakohoa kidogo. "Refa anauliza. Anayetaka michezo hii iendelee Ijumaa ijayo, aseme sasa."

Wafanyakazi wakatazama viatu vyao. Bakilana akafungua mdomo, akakiona kikombe mezani, akaufunga.

"Hakuna anayeitaka," Chaurembo alisema. "Basi imefutwa."

Wafanyakazi wote wakapiga kelele za furaha, wakawa wameshindwa. Chaurembo akamkabidhi bosi kikombe kwa mikono miwili.