Aliyelia Kuliko Wafiwa

Mwenye mtoto chuoni amtumie hii leo leo, asingoje kesho. Mimi nimeicheka mpaka mbavu zikaniuma, halafu nikanyamaza, maana vijana wa namna hii ninao hata ndani ya nyumba yangu.

Kulikuwa na kijana mmoja, Festo Lugenge, mwenyeji wa Makambako, akisoma uhandisi wa barabara katika chuo fulani huko Mbeya. Akili anazo, sina ugomvi na hilo. Shida yake ilikuwa fildi. Wenzake wengi walishapata kampuni za kufanyia mafunzo kwa vitendo, yeye bado, na chuo kilishatangaza kwamba asiyepata mahali hadi mwisho wa mwezi atarudia mwaka. Nyumbani mama yake alishawatangazia majirani kwamba mwanangu anamaliza. Sasa urudie mwaka, ukamwambie nini mama wa watu?

Mwenzake wa chumbani, Ombeni, akamshauri. "Kaka, kampuni ya Injinia Mwaisumo si hiyo hapo, jirani na chuo? Nenda ukajitambulishe, uwaulize kama wanapokea wanafunzi."

Festo akacheka kwa dharau. "Wewe bado mshamba. Mtu haendi ofisini kuuliza. Mtu anatafuta konekisheni kwanza."

Na konekisheni zake sasa! Injinia huyo aliwahi kuja chuoni kutoa mada. Wenzake walimuuliza habari za lami na madaraja, Festo anapigana vikumbo apate kupiga naye picha. Akaipata, akaiweka kwenye simu, akaandika: "Mimi na mlezi wangu." Mlezi mwenyewe hamjui kijana huyo hata jina.

Basi siku moja habari zikafika kwamba baba mzazi wa Injinia amefariki, mzee aliyekuwa dereva wa treni hadi alipostaafu. Watu wakasikitika. Festo akapiga makofi.

"Ombeni, mambo yamejipa!"

"Yamejipa nini, mtu amekufa?"

"Msibani ndiko atakakokuwepo Injinia na wakubwa wote. Lazima anione."

Alipofika akakuta turubai limejaa. Kila mtu anatoa pole, anakaa, anapewa chai, na hakuna anayemtazama mwenzake. Festo akawaza, hapa nikikaa kimya nimekwisha. Akajitupa chini, akaachia kilio.

"Mzee wetu! Umetuacha na nani? Mimi sasa nitakimbilia wapi?"

Akagaragara hadi viatu vikamvuka. Watoto halisi wa marehemu, waliokwisha kulia wakachoka, wakabaki wanamkodolea macho.

Shangazi Subilaga, dada wa marehemu, mama ambaye akisema kaa hata paka anakaa, akamnyanyua na kumpeleka kando.

"Pole, mwanangu. Umetokea wapi?"

"Kwetu ni Makambako, shangazi."

"Makambako!" Shangazi akamtazama vizuri usoni. Kaka yake aliendesha treni ya kupita Makambako miaka nenda rudi, na safari nyingine alikuwa akilala huko huko. "Na marehemu mlifahamiana vipi?"

Festo akajifuta kamasi, akainamisha kichwa, akasema kwa uchungu, "Shangazi, mengine hayasemeki mbele za watu."

Jamani, Festo! Katika majibu yote yaliyopo duniani!

Tangu hapo mambo yakabadilika. Akatolewa kwenye benchi la nje, akakalishwa ndani pamoja na wafiwa. Akaletewa sahani yenye nyama ya maana. Kina mama wakawa wanapita mmoja mmoja kumwangalia masikio, wanaguna.

"Paji la uso ni lake kabisa," mmoja akanong'ona.

Festo moyoni anashangilia. Akamtumia Ombeni ujumbe: "Nakula na familia."

Siku ya mazishi, msemaji wa ukoo akawaita watoto wa marehemu waweke mashada. Akaenda Injinia, wakaenda dada zake. Shangazi Subilaga akamtia Festo shada mkononi, akamsukuma mgongoni. "Nenda na wewe. Usimwogope mtu." Basi, mbele ya umati wote, pamoja na wafanyakazi wa kampuni waliojaa basi zima, Festo akaweka shada, akainama, kisha akasimama ubavuni mwa Injinia na kuikazia macho kamera. Alidhani ni heshima ya mgeni.

Walipotoka makaburini, wazee wa ukoo wakakaa kikao. Festo akawekwa katikati. Mzee mmoja akakohoa.

"Kijana, hatuna ubaya na wewe. Makosa si yako. Tuambie tu, mama yako ni nani, na alionana na marehemu mwaka gani?"

Hapo ndipo akili ikamrudia. Jasho likamtiririka. Mama yake, mwimba kwaya, mke wa ndoa ya kanisani, anajadiliwa na ukoo wa watu! Aibu ikamshika.

"Wazee wangu, nisameheni. Marehemu simjui. Sijawahi hata kumwona. Mimi natafuta fildi."

"Unatafuta nini?" Shangazi akauliza.

"Nafasi ya mafunzo kwenye kampuni ya Injinia. Nililia ili anione."

Shangazi akavua kandambili. Injinia akamwahi mkono, kisha akaangua kicheko, yeye ambaye hakuwa amecheka tangu baba yake alipolazwa. Alipopata pumzi akasema, "Kijana, nafasi zipo. Kuna dirisha pale ofisini, kazi yake kupokea wanafunzi, na hamji. Haya, njoo Jumatatu."

Jumatatu Festo akafika asubuhi, shati limenyooshwa. Afisa utumishi, mama mmoja wa miwani, akamtazama kwa huruma.

"Pole na msiba. Lakini nafasi hatuwezi kukupa."

"Injinia mwenyewe kasema nije!"

"Ndiyo maana. Hapa ndugu wa mkurugenzi hapokelewi. Kanuni aliiweka yeye mwenyewe."

"Mama, mimi si ndugu yake!"

"Nilikuwepo makaburini. Uliweka shada."

"Sikujua! Muulize mwenyewe!"

"Nimemuuliza, kasema hakujui. Mkubwa gani ataletewa ndugu yake kazini akasema anamjua?"

Injinia akatoka ofisini, akaeleza, akaapa. Wafanyakazi wanamsikiliza kwa adabu huku wanamwangalia Festo masikio. Injinia akaona akilazimisha hili, kanuni yake hakuna atakayeiheshimu tena. Akamshika bega.

"Ulitaka uonekane, mdogo wangu. Umeonekana."

Wakati huo huo binti mmoja wa darasa la Festo, Tusekile, naye hajapata mahali, akasogea dirishani. "Shikamoo mama. Naitwa Tusekile, nasoma chuo hiki jirani. Napenda kujifunza mnavyopima udongo kabla ya kumwaga lami. Mnapokea wanafunzi?"

"Marahaba, tunapokea. Ingia."

Basi, yakaishia hapo. Festo alirudia mwaka. Kwa mama yake alijieleza mwenyewe, na mimi sitaki kuyasikia. Shangazi Subilaga mpaka leo hajakubali. Humpigia simu kila Jumapili kumuuliza lini atakuja kufagia kaburi la baba yake.

Funzo: Mwanafunzi, wakubwa wa kazi yako wafahamu kwa kuwauliza kazi yao, na wao wakufahamu kwa jina lako la kweli; anayejipenyeza kwa uongo huufunga kwa mkono wake mlango aliokuwa ameachiwa wazi.