Sauti Zilizowekwa Rehani kwa Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, sogeeni karibu, wanyama walipika, walifunga milango yao na walishtakiana barazani kama tunavyofanya sisi. Katika mlima mmoja uliofunikwa na ukungu asubuhi hadi jioni, aliishi mjane aliyeitwa Bi Perere.

Mnamjua perere? Ni mnyama mdogo, ukimwona unaweza kudhani ni panya aliyenenepa. Lakini akifungua kinywa kulia, lo! Hata chui hujikunyata.

Bi Perere alikuwa na binti mmoja, Mashavu. Tangu utotoni, Mashavu alikuwa akichuma majani, anayanusa, anamuuliza mama yake, "Hili linatibu nini? Na hili je?" Mpaka mama akachoka kujibu.

Juu kileleni palikuwa na Chuo Kikuu. Huko vijana walijifunza tiba, walijifunza kujenga madaraja na kusoma mawingu. Hakuna aliyelipa ada. Kila nyumba ilipeleka sehemu ya mavuno kwenye ghala la Serikali, na ghala likawalisha wanafunzi pamoja na walimu wao.

Ikawa hivyo mpaka mwaka wa ukame, Bwana Fisi, mtunza ghala, aliposimama mbele ya Mfalme Tembo.

"Mheshimiwa," alisema, "ghala linapungua. Kwa nini Serikali imsomeshe mtoto wa mtu? Mwenye mtoto amsomeshe mwenyewe!"

"Kweli kabisa!" Nyati alipiga kwato chini, pu! "Mimi binti yangu nitamlipia. Asiyeweza amweke wake nyumbani."

Mzee Kobe naye akatoa shingo. "Mimi sina mtoto. Kila mwaka napeleka mtama wangu ghalani. Watoto wa wenzangu ndio wanaokula. Nani amewahi kuniambia asante?"

Tembo alipepea masikio, fya, fya. Hakuwa mfalme mbaya, wanangu. Aliogopa njaa tu.

"Basi," akasema. "Kuanzia leo kila mtu ajilipie. Fisi, wewe simamia. Asiye na kitu, elewana naye."

"Nitaelewana nao, Mheshimiwa," Fisi akajibu, akatabasamu.

Mwaka huohuo Mashavu akachaguliwa kwenda Chuo. Bi Perere aligeuza vyungu vyote juu chini, hakuona cha kulipa. Akamshika binti yake mkono, wakaenda nyumbani kwa Fisi.

Nyumba ya Fisi ilikuwa pango lenye mlango mwembamba. Ndani, darini, vilining'inia vibuyu. Hakukuwa na upepo, lakini vibuyu vilitikisika. Na ukisikiliza vizuri, vilinong'ona. Sss... sss... sss...

"Huna kitu, Bi Perere?" Fisi aliuliza. "Usijali. Nitamlipia mimi. Aniwekee rehani sauti yake, basi. Sauti hailiwi, haivaliwi. Akipata kazi ataikomboa."

Bi Perere alimvuta binti yake kuelekea mlangoni. "Mwanangu, turudi nyumbani."

"Mama," Mashavu alisema, "nikirudi nyumbani nitakuwa nani? Niache nisome."

Fisi akamletea kibuyu kitupu. "Taja jina lako humu ndani."

Mashavu akainama. "Mashavu," akasema.

Kizibo kikapigwa, pwa! Msichana akafungua kinywa kumwambia mama yake kitu. Hakikutoka kitu.

"Na jambo moja," Fisi alisema huku akitundika kibuyu darini. "Yeyote kati yenu akimweleza mtu habari hii, kibuyu kitapasuka, na sauti itapotea kabisa. Umenielewa, Bi Perere?"

Mama akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka.

Mashavu alisoma. Akafuzu, akarudi mganga. Lakini mganga gani asiyeweza kumwambia mgonjwa "meza hiki, usimeze kile"? Aliashiria kwa vidole, wagonjwa wakakosea dawa. Wakaanza kumkimbia. Hakuwa na sauti, hakupata kazi. Hakuwa na kazi, hakuikomboa sauti. Na hakuwa peke yake. Wasomi walishuka mlimani mwaka hadi mwaka, kimya, macho yamewatoka. Mfalme Tembo aliwatazama akasema, "Wasomi wa siku hizi ni wapole kweli!"

Alasiri moja Bi Perere na binti yake walikuwa wameketi ndani wakipukuchua mahindi. Ukungu ulikuwa umefika mlangoni. Mara kutoka nje, karibu kabisa, sauti ikaita:

"Mama! Mama, nina njaa. Niwekee chakula kizingitini."

Bi Perere aliinuka kabla hajafikiri. Ilikuwa sauti ya Mashavu! Sauti aliyoilea mwenyewe! Akashika sufuria, akapiga hatua mbili, akasimama.

Mashavu alikuwa palepale kwenye mkeka. Gunzi lilikuwa mkononi. Midomo yake imefungwa.

"Mama," sauti ikasema nje. "Mbona hunijibu? Hunipendi tena?"

Bi Perere alimkumbatia binti yake, akamziba masikio. Nje kitu kikanusa mlangoni, fff, fff, kisha nyayo zikaondoka, kra, kra, juu ya majani makavu. Punde, kutoka upande wa akina Nyati, sauti nyingine ikaita: "Baba! Baba, nina njaa."

Mlango wa Nyati ukafunguliwa. Chungu kikawekwa chini taratibu.

Hapo Bi Perere akafahamu mambo mawili. Nyati mwenye majivuno naye mashamba yake yalikauka, akaenda kwa Fisi kama yeye. Na sauti za watoto hazikukaa vibuyuni. Fisi alizinywa, akatembea nazo nyumba hadi nyumba, akila chakula cha wazazi kwa sauti za watoto wao.

"Siwezi kumwambia mtu," Bi Perere alimnong'oneza Mashavu. "Lakini Fisi hakusema watu wasione."

Kesho yake akaenda ikulu. "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Bi Perere. Una shida gani?"

"Sina shida. Nauliza tu. Ile sheria ya kila mtu kujilipia, umewahi kuwauliza wasomi wenyewe kama imewafaa?"

Tembo akakuna shavu. "Hata siku moja! Basi Ijumaa nitawauliza barazani."

Kutoka ikulu, Bi Perere alikwenda moja kwa moja hadi pangoni. Alibisha. "Hodi!"

"Karibu, mama," sauti ya Mashavu ikaitikia kutoka gizani.

 Aliingia, akacheka, akakaa. "Acha utani, Bwana Fisi! Nimekuletea habari mbaya. Ijumaa Mfalme atawauliza wasomi kama sheria imewafaa."

Fisi akakohoa, sauti ya Mashavu ikarudi kibuyuni, ikaja yake ya kukwaruza. "Atawauliza? Watamjibu nini?"

"Hawatamjibu kitu! Watakaa kimya. Mfalme atauliza kwa nini, atachunguza, na wewe ndiwe msimamizi."

Fisi alitembea huku na huku. "Mama yangu! Nitafanyaje?"

"Nakuonea huruma. Sikiliza. Ukungu wa Ijumaa utakuwa mzito, umekuwa hivyo wiki nzima. Tuma neno kwamba unaumwa. Kisha jifiche nyuma ya baraza, uwajibie. Mimi nitawafungia wasomi nyumbani, nimwambie Mfalme wamekaa ukunguni kwa kuona haya."

"Na wewe unapata nini?" Fisi aliuliza, jicho moja amelifumba.

"Sauti ya mwanangu. Unirudishie kazi ikiisha."

Fisi akacheka moyoni. Akadhani amemwelewa. "Haki ya nani nitakurudishia!"

"Lakini zinywe zote kwa pamoja," Bi Perere alisema akiwa mlangoni. "Ukijibu kwa sauti moja moja, Mfalme atashuku."

Ijumaa mchana ukungu ulikaa juu ya baraza kama moshi wa kuni mbichi. Usingeona mti wa hatua chache mbele. Tembo aliketi, Nyati kulia, Mzee Kobe kushoto, wazazi wamejaa uwanja. Hakuna ndege aliyelia.

"Wasomi wangu!" Tembo akanguruma. "Mpo?"

"Tupooo!" ukungu ukajibu. Sauti nyororo, sauti nene, sauti za kike na za kiume, zote zikitoka mahali pamoja. Mtoto mmoja mdogo aliyekuwa mgongoni mwa mama yake akaanza kulia.

"Sheria ya kujilipia imewafaa?"

"Imetufaaa! Idumu! Mtunza ghala ni baba yetu!"

Nyati alikuwa ameshika pembe za kiti chake. 

"Vizuri," Tembo alisema, lakini masikio yake yalikuwa yamesimama. "Bi Perere, mbona wamejificha?"

"Hawakujificha, Mheshimiwa. Hawa hapa."

Akapiga makofi, pa! Mlango wa ghala la Serikali, lililokuwa kando ya baraza bila mlinzi, ukafunguka. Wakatoka mmoja mmoja, Mashavu mbele, binti Nyati nyuma yake, na wengine wote. Wakaketi chini mbele ya Mfalme, mikono magotini, vinywa vimefungwa.

Na kule ukunguni sauti zao ziliendelea kuimba: "Idumu! Idumu! Idumu!"

Nyuma ya ukungu Fisi hakuona kitu. Ukungu uliomficha ndio uliomfumba macho.

Tembo akainama, akamtazama Mashavu usoni. Akauliza kwa sauti ya chini, "Binti, ni wewe unayesema?"

"Ndiyo, Mheshimiwa!" sauti ikajibu kwa furaha kutoka ukunguni. "Ni mimi, Mashavu!"

Mashavu akatikisa kichwa. Machozi yakamshuka, hayana mlio.

 Kisha sauti nyingine ikaita, "Na mimi ni binti Nyati! Baba yangu alinilipia mwenyewe!"

"Uongo!" Nyati alilia, akaanguka magotini mbele ya binti yake. "Sikumlipia. Nilishindwa, nikaona aibu kusema. Mwanangu, nisamehe!"

Bi Perere hakungoja. Alipenya ukunguni, mdogo hivyo, akapanda jiwe nyuma ya Fisi, akavuta pumzi mpaka tumbo likawa duara. Kisha akalia.

"Kraaa! Kraaa! Kraaa-iiiiiii!"

Wanangu, mlio ule msiombe muusikie. Fisi aliruka juu, kinywa kikaachama, na sauti zote zikamtoka kwa mpigo, whuuu! Zilipita juu ya vichwa vya watu kama kundi la popo. Kila moja ikatafuta kinywa chake.

"Mama!" Mashavu akaita. Safari hii midomo yake ilitembea.

Fisi alitaka kujitetea. Lakini alikuwa ameisukuma nje hata sauti yake mwenyewe ili apate nafasi ya za wenzake. Kikamtoka kicheko kitupu, hii-hi-hii, akakimbilia msituni huku akicheka bila kupenda.

"Nimekosa," Tembo alisema baraza lilipotulia. "Ghala lifunguliwe. Serikali itawasomesha."

"Ngoja kwanza," Mzee Kobe akatoa shingo. "Nimeona, nimehuzunika. Lakini mimi bado sina mtoto. Mtama wangu uwasomeshe kwa sababu gani?"

"Mzee wangu," Bi Perere akamjibu kwa adabu, "goti lako lilipovimba ulikwenda kwa nani?"

"Kwa huyu mwanao."

"Akakuambia nini?"

Kobe alilitazama goti lake. "Hakuniambia kitu. Alinionyesha majani mawili. Nikatwanga lile lisilofaa. Mpaka leo nachechemea."

Mashavu akasogea, akapiga magoti kando yake. "Lile jingine, babu. La rangi ya kijivu. Ulichemshe, usilitwange."

Mzee Kobe akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Nitaleta mtama wangu. Ila wakisoma, warudi watutumikie."

"Tutarudi!" wasomi wakaitikia, kila mmoja kwa kinywa chake.

Watu walikuwa wanaanza kuinuka walipoisikia. Ilikuwa sauti moja, imebaki ukunguni. Ilizunguka baraza, ikaja karibu, ikaenda mbali. Mama Komba, mmoja wa wazazi, aliitambua, akashika kifua. Ilikuwa ya mwanawe, mwanafunzi wa Chuo aliyesombwa na mto masika yaliyopita. Watu walikuwa ng'ambo wakilima. Walimwona akipunga mikono, hana sauti ya kuita, wakadhani anawasalimu.

"Mtihani wangu," sauti iliuliza. "Matokeo yametoka? Nimefaulu?"

 Wote wakamgeukia Mfalme. Tembo alisimama, akaenda mpaka ukungu ulipoanzia.

"Umefaulu, mwanangu," akasema.

Sauti ikapumua mara moja, kama mtu anayetua mzigo. Kisha ukungu ukawa kimya.

Basi shikeni hili, wanangu: msomi aliyelipiwa na wote huwasemea wote, na aliyewekwa rehani husemewa na aliyemshika.