Nati Mpya za Gari la Marehemu

Nati kuingia si kushika. Mmemsikia shangazi yenu akiitamka pale posani, mkacheka, na sasa mnauliza ilikotoka. Tulieni basi. Ilizaliwa barabarani, na aliyeizaa ni mjane wa Moshi.

Aikande aliachiwa na mumewe, Ndelilio, gari la zamani la michezo, jekundu, la viti viwili. Lilikaa bandani miaka mingi. Alitamani kitu kimoja tu: aliendeshe mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, alikochumbiwa, walau mara moja kabla macho hayajamwishia nguvu. Alimkumbuka mumewe hadi chakula kikakosa ladha.

Nati za magurudumu zilikuwa zimeliwa na kutu. Dukani akachagua mpya zinazong'aa, maana Ndelilio alipenda gari limeremete. Akazijaribu kama sote tulivyojaribu zamani hizo: unazungusha kwa vidole, ikiingia bila ubishi ndiyo yenyewe. Ziliingia kama zimezaliwa pale. Akazikaza, akaondoka na shemeji yake, Kileo.

Njia panda ya Himo akasimama. Ndelilio kila alipofungua magurudumu alisimama pale kukaza nati upya, na mkewe alikuwa akimnung'unikia kwa kuchelewa. Safari hii alishika spana mwenyewe, apate kujihisi yuko naye.

Nati ya kwanza ikazunguka kwa wepesi, imelegea. Ya pili pia.  Akafungua moja, akailinganisha na nati kuukuu iliyobaki kwenye buti la gari. Ya zamani kitako chake kilikuwa cha mviringo, sawa na tundu la rimu. Mpya ilichongoka, ikagusa ukingo tu.

"Lakini shemeji, si ziliingia vizuri?" Kileo akauliza.

"Ziliingia. Hazikushika."

"Kaza tena twende. Mji wa Mwanga si mbali."

Aikande aliitazama ile barabara kwa uchu. "Ndelilio namtamani, shemeji. Ila kumfuata kwa njia hii, hapana."

Gari likavutwa hadi nyumbani. Baadaye alipata nati nyeusi, hazina mvuto, zenye kitako kile kile cha mviringo. Alifika bwawani, akalia mpaka akatosheka.

Wachumba walikuja, wana adabu, wana mali. Watu wakamuuliza mbona haolewi.

"Wote wameingia vizuri," alijibu. "Lakini nati kuingia si kushika."