Rangi ya Pikapu ya Mbonea

Rangi haipitishi moto. Mmemsikia shangazi yenu Nakijwa akiwaambia hivyo wale waliokuwa wakimsifia mchumba kwa suti yake, mkacheka, halafu mmenijia mimi kuuliza maana. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, tena hapahapa milimani Upareni.

Enzi hizo kijiji kizima kilikuwa na gari moja tu, pikapu kuukuu ya petroli ya Mbonea. Tabia zake zilijulikana hata kwa watoto. Mbonea aliiegesha siku zote kwenye mteremko, pua ikitazama chini, ili stata ikigoma aiachie ijiwashe kwa kasi ya mlima. Aliipenda pikapu ile mpaka mkewe akachoka kuisikia ikitajwa.

Mama yake, Bibi Namsifu, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Huo ulikuwa mwaka wa tatu haoni ila mwanga na vivuli, na hata mwanawe, Bibi alimtambua kwa kikohozi chake tu. Ndipo tangazo likasomwa kanisani: madaktari wa macho wangekuwa mjini, kule tambarare, Jumatatu mpaka Jumatano. Baada ya hapo, hawarudi tena mwaka ule.

Mbonea alifurahi mno, na furaha ikamtia kiherehere. Akaapa kwamba mama yake hatashuka mjini ndani ya gari lenye kutu. Wiki nzima akaipaka pikapu rangi ya bluu, nje, ndani, mpaka chini ya boneti. Kila bolti aliifungua, akapaka mahali pake, akaifunga tena juu ya rangi.

"Hata panya akiingia humu," alijigamba, "akute kumependeza!"

Jumatatu alfajiri stata ikasema tiki, ikanyamaza. Akaiachia mteremkoni, ikawaka. Lakini ukungu ulikuwa mzito, ikabidi awashe taa, na kabla hawajafika daraja la bondeni taa zikafifia, injini ikakohoa, ikazima. Bondeni hakuna mteremko. Wanaume kumi na wawili waliisukuma kurudi juu, na Bibi Namsifu akapanda kwa miguu ameshikwa mkono, kanga yake ya safari imelowa umande.

"Betri imekufa," Mbonea akatangaza. Akaazima betri ya mwalimu mkuu, ile iliyokuwa ikiwasha redio yake. Hadi jioni nayo ilikuwa imekwisha, na mwalimu hana redio.

Jumanne akamwita fundi Sekiete. Fundi huyu alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu zake siku hiyo zilimkera Mbonea kuliko ubovu wenyewe. Alibonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, akaona umekaza vizuri. Wakaiwasha kwa mteremko, akagusisha mita yake ya umeme kwenye altaneta, ile mashine inayochaji betri.

"Huku chaji ipo," alisema. Akaihamishia mita kwenye betri, akakunja uso. "Huku haifiki. Inapotelea njiani."

Akainama akaufuata kwa kidole waya wa athi, ule unaoshikanisha betri na bodi ya gari. Alipofika kwenye bolti yake akatoa kisu. Mbonea akamdaka mkono.

"We! Usinikwaruzie rangi. Haijamaliza hata wiki!"

"Nikwangue kidogo tu, kaka. Mahali pa ukubwa wa shilingi."

"Nasema altaneta ndiyo mbovu. Kama huwezi kuibadilisha, nitaibadilisha mwenyewe."

Sekiete akamtazama, akafunga mkoba wake, akaenda zake. Mwenye gari akishasema, fundi afanye nini?

Mchana kutwa Mbonea hakukaa. Alikimbia kijiji cha pili, akafungua altaneta kwenye mkweche uliotelekezwa, akarudi nayo begani, akaifunga. Akafungua boneti, akaifunga, akaifungua tena, kana kwamba safari hii ingemwambia kitu. Chakula alichopelekewa kililiwa na kuku.

Jumatano, siku ya mwisho, Bibi Namsifu aliketi kwenye kigoda mlangoni na kifurushi chake mapajani tangu jogoo la kwanza. Akaisikia stata. Tiki. Akamsikia mwanawe akilizunguka gari huku akilitukana, kisha akimtuma mtu kumwita Sekiete. Hofu ilimshika mama yule, maana alijijua umri wake; mwaka mwingine ulikuwa mbali.

Fundi alipofika, Bibi hakungoja salamu ziishe.

"Fundi, jana ulitaka kufanya nini ukakatazwa?"

"Kukwangua rangi, Mama. Moto wa betri, umeme wake, hupita chuma kwa chuma. Hapa katikati pamepakwa. Rangi haipitishi moto."

Bibi akageuzia uso upande wa mwanawe. "Mbonea."

"Naam, Mama."

"Hiyo rangi umempakia nani?"

"Wewe, Mama. Nilitaka ushuke mjini kwa heshima."

"Mimi siioni," alisema mama yake.

Mbonea aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Hakumwachia fundi kazi hiyo. Alikichukua kisu, akaifungua bolti, akakwangua bluu yake mwenyewe mpaka chuma kikang'aa. Akaufunga waya, akaukaza. Wakaisukuma mteremkoni, ikanguruma. Sekiete akaweka mita kwenye betri, akaachia tabasamu.

"Sasa inafika. Nendeni!"

Ukungu ulikuwepo. Mbonea aliwasha taa, na njia nzima ya kushuka alizitazama zaidi ya alivyotazama barabara. Darajani hazikufifia. Walipofika hospitali muuguzi alikuwa anafunga daftari, na Bibi Namsifu akawa wa mwisho kuandikwa, akapasuliwa jicho moja siku hiyohiyo.

Keshokutwa yake bandeji ya jicho moja ilitolewa. Mbonea akamleta mama yake nje, akasimama kando ya pikapu kifua mbele, akingoja. Bibi akaizunguka polepole. Akasema imependeza. Kisha akataka boneti ifunguliwe, aonyeshwe mahali penyewe. Palikuwa padogo, na kutu ilishaanza kuonekana.

"Nitapapaka tukifika nyumbani, Mama," Mbonea aliwahi kusema.

"Paache hivyo hivyo."

Akamgeukia mwanawe, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe umeshaota mvi, baba," alisema, na wote wawili wakalia palepale penye gari.

Mahali pale hapakupakwa tena, mpaka pikapu ikafa. Shangazi yenu Nakijwa ni binti wa Mbonea; alipakiwa nyuma safari ile, akiwa na miaka sita, na alimwona bibi yake akitazama. Kwa hiyo mkimsifia mtu suti, naye shangazi akawauliza moyo wa mtu huyo umefungwa wapi, juu ya rangi au juu ya chuma, msidhani ana wivu. Rangi haipitishi moto.