Kompyuta Isiyo na Tundu

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, kale ile ya juzijuzi, wanyama wa Msitu wa Kimya walikuwa na baraza, karani, na kompyuta moja nene kama tofali.

Ndani yake mlikuwa na orodha ya walio hai. Kila Ijumaa alasiri Mtukufu Simba alichomeka flashi yenye muhuri wake ubavuni mwa kompyuta, akafuta jina moja. Aliyefutwa hakufa. Kivuli chake kilitoweka, kisha sauti, kisha hata watoto wake wakawa wanaulizana, "Hili bakuli ni la nani?" Nyumbani kwa Swala lilikuwepo bakuli la namna hiyo. Kila asubuhi lilikutwa limeoshwa.

Wiki moja Karani Kifaru akampelekea barua Nguchiro, fundi mdogo mwenye mkia mrefu: "Jina lako litafutwa Ijumaa kwa kosa la kucheka wakati wa hotuba. Fika bila kukosa, uje na kitambulisho."

Mkewe akamshika mkono. "Baba Siwema, kweli tutakusahau?"

"Mkinisahau, nani atawachekesha? Niachie mimi."

Ijumaa Nguchiro akafika mapema, kitambulisho shingoni, kifurushi kwapani.

"Hodi barazani! Shikamoo, Mtukufu. Naona aibu kufutwa na tofali. Hebu tazama hii."

Ilikuwa kompyuta mpya, nyembamba kama jani la mgomba. Simba akaiinua kwa ukucha mmoja.

"Lo! Mbona haina uzito?"

"Mkubwa habebi mizigo, Mtukufu."

"Kweli! Karani, ikaguliwe!"

Kifaru, ambaye macho yake hayakuwa mazuri, akafungua fomu ya ukaguzi. Ilikuwa na swali moja tu: uzito. Akaiweka kompyuta kwenye mizani. Mshale haukutikisika.

"Imefaulu, Mtukufu."

"Majina yahamishwe!"

Nguchiro akabonyeza. Fuuu! Majina yakavuka hewani. Baraza likapoa ghafla, na kila mmoja akasikia jina lake likinong'onwa nyuma ya sikio. Mwishoni likanong'onwa jina moja ambalo hakuna aliyelijua. Wote wakatazama chini.

"Na hili tofali?" akauliza Kifaru.

"Likalie," akasema Simba.

Kraa!

"Haya, fundi, sasa tukufute." Simba akatoa flashi. Akaigeuza kompyuta kulia, kushoto, juu chini. "Wewe! Tundu liko wapi?"

"Tundu, Mtukufu? Matundu hunenepesha."

"Muhuri wangu niuchomeke wapi?"

"Si upite hewani, kama majina?"

"Muhuri haupiti hewani! Babu alikataza, usije ukaibwa!"

"Alikuwa na busara, marehemu. Basi kipo kiungio chenye tundu. Kinaagizwa kwa barua."

"Karani, andika!"

"Nimeshaandika, Mtukufu," akasema Kifaru. "Ila barua haitoki bila muhuri."

Pii! Pii! Pii!

"Nini tena?"

"Betri, Mtukufu. Nayo ilikondeshwa ili iingie."

"Ichaji basi!"

"Kwa tundu lipi?"

Kioo kikawa cheusi. Simba akainama, akauona uso wake humo, na nyuma yake safu ndefu ya nyuso asizozijua, zimesimama kimya kama watu waliopanga foleni. Akageuka upesi. Hapakuwa na mtu. Akatazama kiooni tena. Foleni ilikuwa imesogea hatua moja.

"Karani," akasema kwa sauti ndogo, "tufunge ofisi."

Nguchiro hakusubiri kuagwa. Alikimbia, kivuli chake kikimfuata unyounyo. Mlangoni kwake akasimama, hakuthubutu kubisha.

Ndani, sauti ya Siwema ikaita, "Mama, baba amekuja!"

Chombo husifiwa kwa kazi, si kwa kiuno.